Breki zilizokufa mlimani zikaamka nzima: Hilux, tela na gunia 22 za viazi

Nianze na kilicholeta ubishi, maana ajali yenyewe wala haikuwa kubwa. Hilux ya dizeli, kichwa kimoja, injini ya aina ya 3L, ilitoka Isyonje huku Mbeya mchana na viazi inashuka kwenda Kyela, nyuma inavuta tela lililochomelewa na mafundi, la ekseli moja, na ilipopita Ntokela kwenye mteremko wa kwenda Kiwira breki zikaisha. Zikaisha kabisa, pedeli imelala kwenye kapeti. Dereva akahangaika na gia, akavuta hendibreki, mwisho akaamua kuikwaruza kwenye ukingo upande wa mlima, tela likajikunja likalala, viazi vikamwagika mpaka mtaroni. Hakuna aliyeumia zaidi ya utingo kuchubuka kiwiko. Sasa baada ya kama masaa mawili, mvua imekata, viazi vimekusanywa (vilivyobaki, mnajua mambo ya barabarani), askari akaingia kwenye gari akakanyaga breki, ngumu. Akawasha, akasogeza, akakanyaga, gari ikasimama pale pale. Dereva mwenyewe akajaribu akabaki ameduwaa. Tela wakaliacha kwa mwenyeji, gari ikapanda tena Isyonje ikashuka Igawilo mpaka Uyole kwa breki hizo hizo na haikusumbua hata kidogo.

Kwaiyo ilipofika kwangu gereji kesho yake, bosi mwenye gari alishatoa hukumu. "Fundi, huyu kijana ananidanganya. Breki gani inakufa saa nane alafu saa kumi inafufuka? Alikuwa kwenye simu huyu, kama sio simu basi chupa." Kijana kasimama pembeni anarudia sentensi moja tu, "Bosi, ilizama, naapa ilizama." Mzee mmoja jirani pale akachangia kwamba kona zile zina mambo yake toka zamani. Nikamwambia mzee, shikamoo, tuanze kwanza na gari, yakitushinda ya gari ndo tutahamia kwenye hayo mengine.

Nilichomuuliza dereva mwanzo kabisa ni hivi: pedeli ilikuwa ngumu gari ikagoma kusimama, au ilikuwa laini ikazama? Watu wanachanganya haya mawili wanayaita yote "breki zimefeli" wakati ni magonjwa tofauti kabisa. Ikiwa ngumu unaikanyaga kwa mguu wote na gari inaenda tu, hapo angalia pedi zilizoungua au busta (kile kinachouongezea mguu nguvu) iliyochoka. Hizi 3L pampu ya vakyumu ya busta iko nyuma ya alteneta, ikichoka breki inakuwa jiwe. Lakini ikiwa laini inazama mpaka chini, hapo mguu haujashika kitu, maana yake presha haipo kwenye mabomba. Presha inaondoka kwa njia tatu tu za maana. Kuna uvujaji, au mipira ya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) imechoka inapitisha, au ndani ya bomba kuna upepo. Kijana akajibu bila kufikiri, "Laini fundi, kama nakanyaga sponji, alafu ikaenda chini yote. Nikapampu ikashika kidogo, nikapampu tena haikushika."

Uvujaji nikautafuta tairi kwa tairi, hozi kwa hozi, hakuna. Kikopo cha fluidi hakijapungua. Masta nikaipima kwa njia ya kawaida, injini inawaka, mguu umekaa juu ya pedeli kwa dakika nzima bila kuachia, haikushuka hata kidogo. Kikabaki upepo. Bosi akasema kama kuna upepo basi ungekuwepo mpaka sasa, na hapo alikuwa na hoja, upepo ulioingia kutoka nje hauondoki wenyewe mpaka uutoe. Ila huu haukutoka nje.

Nikafungua kikopo. Breki fluidi mpya ina rangi ya kama asali nyepesi, hii ilikuwa nyeusi ya kukoza. Nikatumbukiza kile kikalamu cha kupimia maji, kikawaka nyekundu palepale, yani maji yamezidi asilimia 4. Watu wengi hawajui kwamba breki fluidi za kawaida, DOT 3 na DOT 4, zinavuta unyevu kutoka hewani. Inapita kidogo kidogo kwenye hozi za mpira, inaingia kila ukifungua kikopo, na huku kwetu Rungwe na Uporoto mvua inanyesha miezi mingi ya mwaka. DOT 3 ikiwa mpya inachemka sio chini ya nyuzi 205, ikishakunywa maji kufikia kama asilimia 3.7 kiwango kinachotakiwa kinashuka mpaka 140. DOT 4 mpya ni 230, iliyolowana 155. Sasa diski ya mbele ikibebeshwa mzigo mlimani kuvuka nyuzi 300 ni jambo dogo, na ule moto unapita kwenye pedi, unaingia kwenye pistoni ya kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski), unaikuta fluidi imekaa pale nyuma yake. Fluidi yenye maji ikichemka inatoa mvuke. Kimiminika hakibonyei, mvuke unabonyea. Unakanyaga, mguu unaenda kubana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Gari ikisimama masaa mawili kwenye baridi ya Ntokela mvuke unapoa unarudi kuwa kimiminika, pedeli inarudi ngumu kama haijawahi kutokea kitu.

Hapo bosi akanyamaza kidogo. Dereva ndo akaongeza kitu ambacho alikuwa hajakisema, na ndo kilinimalizia wasiwasi wote. Walisimama Ntokela kama dakika kumi kukaza kamba, tairi za mbele zilikuwa zinatoa moshi, utingo akamwagia maji. Wakaondoka. Kona chache mbele pedeli ikazama. Nikasema basi, tumemaliza. Gari ikiwa inatembea angalau upepo unapooza diski na kalipa, ukisimama ghafla breki zikiwa za moto hakuna upepo, ule moto wote wa diski unahamia kwenye kalipa taratibu wakati wewe unanunua karanga. Ndo maana breki nyingi za namna hii zinafia hatua chache baada ya mapumziko, na dereva anashangaa mbona nimeipumzisha. Ukiona moshi usisimame dakika kumi uondoke, simama mpaka ukiweka mkono karibu na rimu usisikie joto kali, hiyo inaweza kuwa saa nzima, na kabla ya kuondoka kanyaga pedeli mara kadhaa uone imekaa wapi.

Na maji yale jamani. Nilipovua tairi za mbele diski zina madoa ya bluu, hiyo ni chuma kilichopata moto sana, na diski ya kulia ina nyufa nyembamba kama nywele zinatoka katikati kwenda nje. Chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi kinaweza kupasuka au kupinda. Utingo alifanya kwa nia njema, wote wanafanya hivo, malori pia, lakini diski ile ilikuwa chuma chakavu tayari.

Pedi nazo zilikuwa na hadithi yake. Upande wa kulia zimelika sawasawa, juu zimekuwa na kioo, zinang'aa, kingo zimegeuka rangi ya majivu. Upande wa kushoto pedi ya ndani imebaki kama milimita 2 na ya nje bado ina 7. Hiyo inamaanisha kalipa haitelezi kwenye pini zake, pini zimeganda kutu, kwaiyo upande mmoja unafanya kazi yote na hata ukiachia breki pedi inaendelea kusugua diski. Gari ilikuwa inachemsha breki hata kwenye tambarare. Bosi akasema lakini pedi nilibadilisha mwaka huu huu. Ndiyo, zilibadilishwa, ila aliyebadilisha hakutoa zile pini akazisafisha na kuzipaka grisi ya breki, alitoa pedi za zamani akachomeka mpya akapiga tairi. Kazi ya nusu saa wanayoifanya kwa dakika tano, alafu mteja anafurahi kafanyiwa haraka.

Sasa tukaenda nyuma, na hapa ndo sehemu ambayo mimi naona ingepaswa kubandikwa kwenye kila gereji ya springi kuanzia Mafiati mpaka Makambako. Breki shuu za nyuma zilikuwa karibu mpya. Vumbi limejaa, marekebisho (yale ya kusogeza shuu karibu na dramu) yameganda, dramu haina hata dalili ya moto. Breki za mbele zimeungua mpaka zimebadilika rangi na za nyuma zimekaa zinatazama tu. Kwa nini? Ukilala chini ya Hilux za namna hii utaona karibu na ekseli ya nyuma kuna fimbo ya chuma imeunganishwa na valvu ndogo iliyofungwa kwenye chesisi. Watu wengi hawajui kazi yake, wengine wanaikata kabisa. Ile valvu inapima mzigo. Gari ikiwa tupu nyuma inakuwa imeinuka, valvu inapunguza presha ya breki za nyuma ili tairi zisijifunge gari ikazunguka. Gari ikibeba mzigo nyuma inashuka, fimbo inasukumwa, valvu inafungua presha zaidi iende nyuma. Akili nzuri sana. Sasa bosi wetu aliongeza springi ili gari ibebe viazi bila kukaa chini, kama wanavyofanya wote. Springi zikaongezwa, nyuma ikainuka, na ikibebeshwa gunia nane inashuka kidogo tu. Valvu haioni gunia, inaona kimo. Kimo kinasema gari tupu, kwaiyo presha ya nyuma inapunguzwa, kazi yote inaenda mbele. Yani umeongeza uwezo wa kubeba na hapo hapo umepunguza uwezo wa kusimama, na hakuna aliyekwambia. Ukiongeza springi, ile fimbo lazima irekebishwe iendane na kimo kipya, kitabu cha ufundi cha gari kina vipimo vyake na inatakiwa ipimwe kwa presha, sio kwa macho. Na wale wanaoifunga kwa waya ikae wazi muda wote, siku gari ikiwa tupu na lami imelowa mtanitafuta.

Tela lenyewe lililetwa baada ya siku kadhaa, likiwa limepinda shingo. Limechomelewa vizuri tu, welding safi, ekseli ya gari la zamani, springi, bodi ya angle aini. Halina breki hata moja. Nikamuuliza bosi uzito wake, akasema "la kawaida." Tukakadiria pamoja na hata yeye akaanza kukuna kichwa. Gunia 14 za viazi kwenye tela, na hizi sio gunia za mizani, ni lumbesa, zile zinazojazwa kupita kipimo, kila moja tukaiweka kilo 120 kwa huruma. Hapo ni kilo 1,680. Tela tupu kama 400. Inakaribia tani mbili na kilo mia. Kwenye pikapu gunia nane, kilo 960, gari yenyewe tupu kama 1,400, watu wawili. Jumla inakimbilia tani nne na nusu, na chombo pekee cha kuzisimamisha ni diski mbili za mbele, moja kalipa yake imeganda. Kwa wenzetu Ulaya tela likizidi kilo 750 kwa uzito wake wote na mzigo wake linatakiwa liwe na breki zake lenyewe, na magari mengi ya aina hii ukisoma kitabu chake utakuta namba mbili za kuvuta, moja ya tela lenye breki na moja ya lisilo na breki, ile ya pili ni ndogo sana. Sisi tunasoma ile kubwa, au hatusomi yoyote.

Kuna hesabu moja nilimpigia bosi kwenye karatasi ya risiti. Tani nne na nusu zikishuka mita 100 za kimo, sio za barabara, za kimo, zinaachia nishati ya megajuli 4.4. Hiyo inatosha kuchemsha lita 13 za maji ya bomba. Au ukitaka kwa lugha ya dereva, kulisimamisha gari hilo hilo na tela lake kutoka spidi 80 mpaka sifuri ni kama megajuli 1.1, kwaiyo kila mita 100 unazoshuka ni sawa na kupiga breki kamili kutoka 80 mara nne, mfululizo, bila kupumzika. Isyonje iko juu ya mita 2,000, Ziwa Nyasa kule chini liko chini ya 500. Fanya hesabu mwenyewe mpaka Kyela. Sehemu ya hiyo nishati inaliwa na upepo na tairi, sehemu inatakiwa iliwe na injini, na kinachobaki kinageuka moto kwenye breki. Kama injini haili chochote, basi zote zinaenda kwenye diski mbili.

Na injini ilikuwa haili chochote, maana kijana alikuwa anaweka free. Hapa sitamtetea. Alikiri mwenyewe kwamba kwenye sehemu zilizonyooka alikuwa anatoa gia ili asave dizeli, na bosi akatazama pembeni, nadhani mnajua kwa nini, dizeli ya safari inahesabiwa kwa lita na ikizidi inakatwa kwa dereva. Alafu hiyo saving yenyewe haipo. Injini ya dizeli yenye pampu kama hii ukiwa kwenye gia umeachia mafuta kabisa na mzunguko uko juu, pampu inakata dizeli, tairi ndo zinaizungusha injini. Ukiweka free inabidi iungurume kwa dizeli yake yenyewe. Yani unachoma mafuta ili upoteze breki ya injini. Dizeli kwa kawaida breki yake ya injini ni dhaifu kuliko petroli, na pikapu hii haina exhaust breki (ile inayoziba njia ya moshi ili injini ishike) kama Fuso, kwaiyo ilitakiwa gia nzito kweli kweli, ya tatu au ya pili, tangu juu kabla mteremko haujaanza. Wazee wa malori wanasema shuka na gia uliyopandia, mimi kwa mwenye tela namwambia moja chini ya hiyo. Ukishafika spidi 70 unateremka na free, kurudisha gia ni bahati, kijana alijaribu ya pili ikakataa inalia tu, akaipata ya tatu kwa kupiga klachi mara mbili huku anapandisha mzunguko, na hiyo ya tatu ndo ilimwokoa mpaka akafika kwenye ule ukingo akiwa na spidi ya kuvumilika.

Na namna alivyokuwa anakanyaga. Nikamwambia anionyeshe kwa mguu, gari imesimama. Akaweka mguu juu ya pedeli kidogo, akauacha pale. "Hivi fundi, nilikuwa naibembeleza." Kubembeleza ndo kunapika. Kwenye mteremko mrefu breki inatakiwa ipigwe kisawasawa, spidi ishuke kutoka 40 mpaka 30 tuseme, alafu uachie kabisa, injini ishike, diski ipate upepo, ikipanda tena 40 unarudia. Mguu uliokaa juu ya pedeli muda wote haupi diski nafasi ya kupoa hata sekunde.

Kuna jambo lingine la tela ambalo halikusababisha breki kuzama lakini lilizidisha ubaya, na tuliligundua kwenye picha. Utingo alipiga picha Isyonje baada ya kupakia, akaweka status. Ukiitazama vizuri pikapu imekaa matako chini pamoja na springi zote zile (kwa hiyo valvu hata ikifunguka, marekebisho yaliyoganda yaliziacha shuu bila kazi), pua iko juu, taa za mbele zinaangalia miti. Walipakia gunia nyingi mbele ya ekseli ya tela kwa sababu nyuma lango lake lilikuwa limelegea. Uzito unaokalia boli (ile tufe ya chuma nyuma ya gari inayoshika tela) unatakiwa uwe kama asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wa tela zima, kwa tela hili ni kilo 100 mpaka 200, na mtu yeyote mwenye mzani wa kupimia gunia anaweza kuupima, unaweka mzani chini, kigogo juu yake, unashusha shingo ya tela hapo kwenye usawa wake wa kawaida unasoma. Hawa sidhani kama walikuwa chini ya 400. Boli ikikandamizwa hivyo nyuma ya ekseli ya pikapu, tairi za mbele zinanyanyuliwa, na hizo ndo tairi pekee zilizokuwa na breki. Dereva alisema usukani ulikuwa mwepesi tangu mwanzo akaona raha. Kosa la kinyume chake ni baya pia, ukipakia nyuma sana tela linanyanyua makalio ya gari na linaanza kuyumba kama mkia, kulia kushoto, likianza hivyo usipige breki ghafla na usishindane nalo kwa usukani, achia mafuta, shika usukani umenyooka, acha spidi ife yenyewe.

Cheni za usalama hakukuwa na cheni, kulikuwa na kamba ya katani. Inatosha kusema hivyo. Zinatakiwa mbili, zipite kwa msalaba chini ya shingo ili kichwa cha tela kikichomoka kidondokee juu yake kisichimbe lami.

Matengenezo. Diski mbili mpya, maana za zamani pamoja na nyufa zilikuwa zimeshashuka chini ya unene unaosomeka pembeni mwa diski yenyewe (unaandikwa pale, futa kutu utauona). Pedi za kiwango cha kueleweka, kalipa zote mbili zikafunguliwa, pini mpya na mipira yake. Nyuma tukafungua marekebisho, tukasogeza shuu, hendibreki ikaanza kushika kwenye meno machache badala ya kuvutwa mpaka kifuani. Fluidi yote tukaitoa tukaweka DOT 4, inaingia bila shida kwenye mfumo wa DOT 3, ila DOT 5 usiweke, hiyo ni ya silikoni ni kitu kingine. Wakati wa kutoa upepo tulianza tairi la mbali na masta, na valvu ile ya nyuma ina sehemu yake ya kutolea upepo, ukiisahau pedeli haitakaa sawa na utailaumu masta bure. Chini ya siti tulikuta chupa ya DOT 3 nusu, kifuniko kimelegea, imekaa humo sijui tangu lini, ndo ilikuwa ya kuongezea. Nikaimwaga. Chupa ikishafunguliwa tumia siku hizo hizo, na ile tabia ya kuongezea haidroliki au oili ya power stering ukiwa umekwama porini inavimbisha mipira yote ya mfumo, hapo hulipi fluidi tena, unalipa masta, kalipa na silinda zote. Vitabu vingi vinasema fluidi miaka miwili. Kwa gari inayobeba viazi mlima huu mimi nasema kila mwaka, ni bei ya gunia moja au pungufu.

Kijana alirudishiwa funguo zake, ila bosi hakusema samahani, alisema tu "kesho uwahi." Kwa bosi wa viazi hiyo ni samahani.

Ubishi uliobaki ni wa tela. Nilimwambia ama alifunge breki za msukumo, zile ambazo tela likisukuma shingo linajibana lenyewe, ama libebe gunia mbili tatu tu. Nikamtahadharisha pia kwamba breki za msukumo kwenye mteremko mrefu zinabana muda wote kwa hiyo nazo zinachemka, sio kwamba ukishazifunga unarudi kwenye free. Akapiga hesabu ya ekseli yenye dramu, akaona inakaribia bei ya tela lenyewe. Akasema basi tela atalipeleka Usangu kwenye mpunga, kule Igurusi na Ubaruku ni tambarare, halihitaji breki. Nikamuuliza, "Sawa bosi, na Mlima Nyoka utaupita wapi ukitoka hapa Uyole?" Akacheka, akasema atalipakia juu ya Fuso ya shemeji yake liende likiwa tupu, likae huko huko lisirudi. Sikuwa na pingamizi, nikamkazia nati za tairi, nikafungua beringi nikazipaka grisi, na nikamfungia taa za breki ambazo tangu lichomelewe hazikuwahi kuwepo.